Ajida Aliyezikwa kwa Jina la Shemeji

Séverin Kalonda alikuwa anapiga msasa kifuniko cha jeneza simu ilipoita mfukoni mwake. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mashine za karakana yao kule Mobeni, Durban, zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba alilazimika kutoka nje, karibu na malori, ndipo asikie. Aliyepiga alikuwa Anaïs, binti wa rafiki yake wa miaka mingi. Alisema baba yake amefariki alfajiri, hospitali wamempigia, naye yuko njiani kwenda kutambua mwili. Aliyasema hayo kwa sauti kavu, kama mtu anayesomewa karatasi na kuirudia. Kisha akauliza kama tonton, yaani mjomba, kama alivyozoea kumwita Séverin, atakuja.

Séverin alisema atakuja. Alirudi ndani, akamwomba msimamizi ruhusa, akavua aproni. Kabla hajatoka alisimama kidogo mbele ya jeneza alilokuwa akilisugua. Lilikuwa la mzee mmoja wa Umlazi aliyepigania uhuru wa Afrika Kusini, na Jumamosi angezikwa kwa heshima zote: bendera juu ya jeneza, wenzake wamejipanga mistari miwili, jina lake likisomwa pamoja na cheo. Majeneza ya namna hiyo yalikuja karakana mara kwa mara, na kwa miaka kumi na mmoja Séverin ndiye aliyeyamalizia. Hakuna aliyempangia kazi hiyo. Aliyachukua mwenyewe na kuyapaka vanishi mara tatu badala ya mbili, na wenzake wakadhani ni mapenzi ya ufundi tu. Hawakujua kwamba seremala huyu wa miaka sitini na miwili, mpole, asiyependa kuulizwa habari za kwao, aliwahi kuwa koplo katika jeshi la Zaire.

Durban nzima waliojua hilo walikuwa watu wawili: mke wake Marie, na yule aliyekufa alfajiri ile.

Marehemu, kila mtu alimfahamu kwa jina la Josias Mwamba, mwalimu wa zamani kutoka Kabalo. Wamama wa kanisa walimwita Papa Josias. Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye kibali chake cha ukimbizi, kwenye cheti cha kuzaliwa cha Anaïs, na sasa lingekuwa kwenye cheti cha kifo. Lakini mtu mwenyewe aliitwa Ladislas Kitenge, na hakuwahi kufundisha darasa hata siku moja. Alikuwa ajida, mkubwa wa askari wa kawaida, yule anayewapanga, kuwakaripia na kuwahesabu kila asubuhi.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 vita vilipowafikia upande wa Kalemie, maofisa waliondoka kwa ndege. Ajida Ladislas alibaki na watu kumi na mmoja. Aliwaongoza kwa miguu kuelekea ziwani, na katika kila kijiji aliwaonya kwamba atakayegusa kuku wa mtu, yeye mwenyewe atamfunga kamba. Séverin alikuwa na jeraha la mguu lililooza. Siku mbili nzima ajida alimbeba mgongoni, na alipochoka alimweka chini, akanywa maji, akambeba tena. Katika ule umati wa wakimbizi walikutana na dada yake Ladislas na mumewe, mwalimu Josias Mwamba, aliyekuwa akiharisha damu. Josias alifariki kabla ya kufika ziwani. Ladislas alimchimbia kaburi kando ya njia kwa jembe la kuazima. Hawakuweka msalaba, kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Kitambulisho cha shemeji yake kilibaki mfukoni mwake.

Walivuka ziwa hadi Kigoma, watu wanne kati ya kumi na mmoja; dada yake Ladislas walikuwa wamepotezana naye katika umati. Huko askari walikuwa wanatengwa na raia na kuwekwa kambi yao peke yao, na maneno yalienea kwamba watarudishwa. Mbele ya meza ya kuandikishwa, Ladislas alitoa kile kitambulisho. Picha ilikuwa imelowa mvua, sura haionekani. Kuanzia dakika ile akawa Josias. Séverin, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alitaja jina lake halisi ila akasema kazi yake ni useremala. Hakudanganya sana. Baba yake alikuwa seremala, na randa alikuwa ameishika tangu utotoni.

Walipofika Durban mwaka 2000 waliulizwa tena, kwa fomu na kwa mdomo, kama waliwahi kuwa askari wa jeshi lolote. Wote wawili walisema hapana, wakaweka sahihi. Uongo ule ungekuwa wa siku moja ungesahaulika. Lakini kila kibali kilipokaribia kwisha walipanga foleni upya, na ule uongo ukapanga foleni pamoja nao. Ladislas alilinda magari Glenwood miaka kumi na tisa. Alimwoa Élisabeth, mwanamke aliyemjua kutoka kambini, wakamzaa Anaïs mwaka uleule waliofika. Élisabeth alikufa mtoto akiwa na miaka tisa. Yeye alijua kila kitu, na hakumwambia mtoto.

Wiki mbili kabla ya kifo, Séverin alikwenda hospitali kumwona. Kifua cha Ladislas kilikuwa kimeharibika muda mrefu. Mara mbili alikuwa amefika kliniki ya karibu na kurudi nyumbani bila dawa, kwa sababu langoni walisimama watu waliodai kitambulisho cha Afrika Kusini kwa kila anayeingia, naye hakutaka kubishana. Kufikia siku alipopelekwa hospitali kwa gari la jirani, alikuwa anapumua kwa shida.

Siku hiyo alimwambia Séverin asogeze kiti. Alizungumza kwa vipande, akipumzika katikati.

"Koplo," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu Kigoma. "Musinizike na jina la shemeji. Ule alikwisha kufa mara moja. Mimi niko Ladislas Kitenge, ajida. Utalisema jina mbele ya watu."

Séverin alimjibu kama zamani jeshini, "Ndiyo, chef." Angeweza kujibu nini kingine?

Matanga yalikaliwa Cato Manor, katika ua wa Mzee Shezi, ambaye Ladislas alikuwa amepanga chumba chake cha nyuma kwa miaka kumi na minne. Mphikeleli Shezi alikuwa Mzulu wa miaka sabini na mitatu, mrefu, mwenye kusikia kwa sikio moja. Naye alikuwa mpiganaji wa zamani. Alikwenda uhamishoni kijana, akaishi Morogoro miaka tisa, na Kiswahili alichojifunza huko hakikumtoka. Ndiyo maana alipompata mpangaji wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo alifurahi kama aliyepata ndugu. Mwaka ule maduka ya wageni yalipovunjwa na watu kufukuzwa majumbani, Shezi aliweka kiti chake langoni, akakaa siku tatu, akiwaambia waliokuja na fimbo kwamba huku ndani hakuna mgeni. Waliondoka.

Jumatano mchana ua ulikuwa umejaa. Wamama wa kwaya walikuwa wameketi chini ya hema, Marie akigawa chai. Shezi alitoka nyumbani kwake amevaa koti, akaomba nafasi ya kusema. Alikuwa na mpango tayari. Chama chao cha wapiganaji wa zamani kingesimamisha gwaride la heshima: watu kumi na wawili kwa sare, mmoja wa kuongoza, mmoja wa kusoma wasifu wa marehemu na cheo chake. Alikuwa ameongea na diwani, naye angekuja. Mwandishi wa gazeti la mtaa angekuja na kamera. Shezi alisema amezika wenzake ishirini na saba kwa namna hiyo, na ndugu Josias hatazikwa kama mtu asiye na kwao.

Watu walipiga makofi. Peguy, katibu wa jumuiya ya Wakongomani, alikuwa ameinua simu yake tangu mwanzo, anarekodi ili aitume kwenye kundi lenye watu mia nne. Anaïs alikuwa analia, lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumanne uso wake ulikuwa umelegea. Alimshukuru Shezi kwa Kizulu, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili wazee wote waelewe. Alisema baba yake angefurahi, ila iko kosa moja: papa alikuwa mwalimu.

Shezi alitabasamu.

"Mwalimu? Mwanangu, baba yako aliniambia kwa kinywa chake. Ajida, miaka kumi na tisa jeshini. Muulize mzee huyu, walitoka pamoja."

Watu wote waligeuka kumtazama Séverin. Peguy naye aligeuka, simu ikiwa mkononi.

Séverin alikuwa ameshika kikombe cha chai. Baadaye alisema kwamba alikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alifikiri juu ya faili la Anaïs. Msichana alikuwa ameomba uraia kwa kuwa alizaliwa hapa, na ombi lilikuwa limekaa mezani kwa watu miaka sita, likisubiri, na msingi wake wote ulikuwa cheti chenye jina la Josias Mwamba, mwalimu. Alifikiri juu ya kibali chake mwenyewe, kinachokwisha mwezi wa kumi. Alimfikiria Marie, aliyekuwa amesimama na birika, hatikisiki. Kisha akafikiri juu ya mgongo wa mtu uliombeba siku mbili.

"Mimi nilimjua mwalimu," alisema.

Shezi alivaa kofia yake, akaomba radhi kwa Kizulu, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Mama mmoja alianzisha wimbo ili kuziba kimya. Séverin alimaliza chai ile yote, kwa kuwa hakujua mikono aipeleke wapi.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, mlinzi wa karakana alikuja kumwambia kuna mzee anamuulizia getini. Shezi alikuwa amepanda taksi mbili hadi Mobeni. Walikaa kwenye rundo la mbao nyuma ya jengo, mahali ambapo vumbi la msumeno halifiki. Shezi hakuanza kwa salamu.

"Jana umenifanya mwongo ndani ya ua wangu," alisema. "Nataka kujua kwa nini."

Séverin alijaribu kusema kwamba labda marehemu alikuwa anazungumza tu, ugonjwa, uzee. Shezi alimwacha amalize. Kisha, kana kwamba hakusikia neno, akaanza kusimulia habari za kaka yake Vukani.

Vukani alitoka nyumbani mwaka mmoja kabla yake, akapelekwa Angola. Huko wote walipewa majina ya kazi ili familia zao zisisumbuliwe, na yeye akawa James Moyo. Alikufa kwa malaria na wenzake wakamzika vizuri, wakaandika James Moyo kwenye ubao. Wale waliomjua kwa jina la nyumbani nao walikufa au kutawanyika. Uhuru ulipokuja, mama yao alikwenda ofisi hadi ofisi akimtafuta Vukani Shezi. Kila orodha aliyoonyeshwa ilikuwa na James Moyo, na kila mara alilipita jina hilo kwa kidole chake, akitafuta la mwanawe. Alitafuta hivyo miaka ishirini na minne. Miaka miwili baada ya kifo chake ndipo alipojitokeza mzee mmoja wa Port Elizabeth aliyekumbuka. Mifupa ilirudishwa, gwaride likasimama, jina likasomwa.

"Lilisomwa kwa sauti nzuri sana," Shezi alisema, "na aliyetakiwa kulisikia hakuwepo. Ndugu, yule pale mochwari, jina lake ni Josias?"

Séverin alieleza yote, toka Kalemie hadi meza ya Kigoma, toka Kigoma hadi kitanda cha hospitali. Alieleza habari za Anaïs na faili lake. Hakuwa amemwambia mtu mwingine mambo hayo kwa miaka ishirini na minane, na alivyokuwa akisema alijisikia kama mtu anayevuliwa nguo hadharani.

Shezi alikiri kwamba gwaride lake lingemuumiza mtoto, na hakuwa na habari. Alisema kuwaambia wenzake wabaki nyumbani ni jambo rahisi, na mwandishi atampigia leoleo. Lakini lipo moja ambalo hakukubaliana nalo.

"Mtoto mwenyewe hajui anaitwa nani, na wewe na mimi tunamwamulia. Mwambie. Akikataa, amekataa yeye."

Séverin alimkuta Anaïs saa kumi jioni katika chumba cha nyuma, akipiga pasi suti ya baba yake, kwa sababu mochwari walitaka nguo kesho asubuhi. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, na msichana akazima pasi kabla hajaambiwa kitu.

Alimsikiliza akiwa amesimama. Hakukatiza. Ilipokwisha aliuliza maswali kwa mpangilio, kama anavyouliza wateja katika duka la simu anakofanya kazi. Mama alijua? Alijua. Huyo Josias wa kweli, alikuwa na watoto? Hakuwa nao. Na tonton, Krismasi zote alizokuja kula hapa, alikuwa anajua? Séverin alisema alikuwa anajua.

"Eish," alisema, akaketi kitandani juu ya suruali aliyokwisha kuinyoosha. "Basi mimi ni Anaïs nani?"

Séverin alimwambia: Anaïs Kitenge. Msichana alilirudia jina hilo kwa midomo bila kutoa sauti, kisha akatikisa kichwa. Alisema wiki iliyopita wamemwita kupiga alama za vidole upya, na afisa akamwambia labda mwaka huu. Alisema amezaliwa hapa, amesoma hapa, Kongo hajawahi kuiona hata kwenye dirisha la ndege, na bado asubuhi akipita kwenye wale watu wa lango la kliniki anashika begi lake kifuani. Halafu akatoa uamuzi. Jumamosi hakuna gwaride. Hakuna gazeti, hakuna diwani. Mchungaji asome wasifu wa mwalimu. Kwenye msalaba waandike Mwamba.

"Aliniomba, mwanangu," Séverin alisema. "Neno lake la mwisho kwangu ni hilo."

Anaïs aliinua uso. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka.

"Yeye amekwisha kutoka, tonton. Mimi bado niko ndani."

Alisimama, akaikung'uta suruali, akawasha pasi kuinyoosha upya.

Jeneza Séverin alilitengeneza mwenyewe siku ya Ijumaa. Msimamizi alimruhusu kutumia mbao za mninga zilizobaki kwenye kazi nyingine. Alipaka vanishi mara tatu. Wazo la kuandika jina ndani ya kifuniko lilimjia, na kwa kweli alitoa penseli kwenye sikio. Halafu akakumbuka kwamba kanisani jeneza litafunguliwa ili watu waage, kifuniko kitasimamishwa ukutani, na Peguy atapiga picha za kila kitu. Alirudisha penseli sikioni. Hata mahali pa upana wa vidole viwili, gizani, hapakupatikana pa kuweka jina la ajida.

Jumamosi walimzika kwenye makaburi ya upande wa Chatsworth, kwenye mteremko, jua likiwa kali. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko walivyotarajia. Shezi alikuja na wazee tisa. Walivaa makoti ya kawaida ya msiba, bila kofia za jeshi, bila medali, na mmoja alikuja na magongo. Hakuna aliyewatambulisha. Walisimama nyuma ya wanakwaya, watano huku na watano kule, wakaacha nafasi katikati ambamo jeneza lilipita. Mtu asiyejua angedhani wamesimama hivyo kwa bahati tu.

Mchungaji alisoma. Josias Mwamba, mtumishi wa Mungu, mwalimu aliyewafundisha watoto wa Kabalo kusoma na kuandika. Séverin alikuwa mstari wa mbele, karibu na Anaïs. Jeneza lilipoanza kushuka hakugundua kilichokuwa kikitendeka mwilini mwake. Mabega yalikwenda nyuma, mikono ikanyooka hadi kwenye mishono ya suruali, visigino vikagusana. Alisimama hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi tano au sita. Kisha akaona, upande wa pili wa shimo, simu ya Peguy inazunguka polepole kutoka uso hadi uso, ikimkaribia.

Akatenganisha visigino. Akaweka mikono mbele, moja juu ya nyingine, kama wanavyosimama watu wote makaburini. Simu ikampita.

Hakulisema jina. Alitupa udongo wake, akamshika Anaïs kiwiko, wakashuka mteremko pamoja na watu wengine. Msalaba uliandikwa kama msichana alivyotaka.

Kwa wiki nzima hakuweza kula vizuri. Marie alimwambia kwamba alifanya lililomlinda mtoto wa rafiki yake, na hilo ni kubwa kuliko maneno juu ya mbao. Séverin alimkubalia kwa kichwa. Lakini karakana, lilipokuja jeneza lingine la kuwekewa bendera, alimwachia mwenzake amalizie.

Jumamosi iliyofuata Shezi alimwita nyumbani. Mezani aliweka kitabu kikubwa chenye jalada gumu, cha aina wanayotumia kwenye mahudhurio ya shule. Chama chao kilikuwa na kitabu hicho tangu mwaka waliorudi kutoka uhamishoni. Kila ukurasa ulikuwa na mistari ya wima: jina la kazi, jina la nyumbani, cheo, mahali alipolala, na mwisho jina la shahidi aliyemjua. Waliandika humo baada ya kuona familia nyingi zinazunguka kama mama yake Shezi.

Shezi alikuwa amekwisha kujaza mstari mmoja kwa herufi kubwa. Josias Mwamba. Ladislas Kitenge. Ajida, mtu wa Kabalo. Safu ya kaburi na namba yake. Nafasi ya shahidi ilikuwa wazi.

"Nimemuuliza binti," alisema. "Amekubali, kwa sharti kwamba kitabu kisifunguliwe mbele ya mtu mpaka yeye aseme. Nimempa neno langu. Sasa bado wewe. Shahidi anaandika jina na cheo chake."

Séverin alishika kalamu. Nje, watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira, unagonga ukuta na kurudi. Aliuliza kama anaweza kuandika jina tu. Shezi alimjibu kwamba anaweza, wapo waliofanya hivyo. Hakumsukuma. Alinyanyuka kwenda kuchemsha maji.

Aliporudi na vikombe, Séverin alikuwa amemaliza. Mwandiko ulikuwa mbaya, umepanda juu ya mstari, lakini ulisomeka: Séverin Kalonda, koplo.

Ningependa kusema kwamba alitoka pale amefunguka. Haikuwa hivyo. Alipofika kwenye stendi ya taksi alitaka kurudi kuichana karatasi ile, na kwa siku nyingi baadaye alimuuliza Marie kama Shezi ni mtu wa kuaminika, naye Marie akamjibu kila mara kwa subira ileile. Mwezi wa kumi alikwenda kuongeza muda wa kibali. Afisa, kijana mwenye haraka, alimuuliza kazi aliyoifanya katika nchi aliyotoka. Séverin alisema seremala. Akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa, akapewa miaka mingine ya kusubiri.

Anaïs naye jibu lake halikuja mwaka ule. Alihama chumba cha Cato Manor, akapanga na rafiki yake Huguette karibu na kazini, na kwa muda hakupiga simu. Séverin aliamini kwamba amempoteza.

Kisha Jumapili moja ya Desemba, baada ya ibada, msichana aligonga mlango wao. Marie alikuwa anasonga ugali, akamwongezea sahani bila kuuliza. Walikula. Walizungumza habari za joto na za umeme kukatika. Baada ya kunawa mikono msichana alitoa simu, akafungua ramani, akaikuza kwa vidole mpaka mto ukaonekana, na reli inayoufuata.

"Hapa ndipo Kabalo," alisema. "Nyumba ya akina Kitenge ilikuwa upande gani?"

Séverin alivaa miwani. Alikuwa amefika pale mara moja tu, kwa likizo ya siku tatu, yeye na ajida. Alitafuta kituo cha treni, akakipata, akaweka kidole.

"Unashuka hapa," alisema. "Unavuka reli. Ulikuwepo mgahawa wa mama mmoja mnene, Mama Goreth, aliyekuwa anamdai salamu kila mtu anayepita. Halafu unafuata njia ya mchanga. Baba yako alitembea mbele, mimi nyuma, nimebeba sanduku lake."

Anaïs alivuta kiti karibu, na Marie akaenda kuweka maji ya chai motoni.